Mabua Niliyompa Mwongeli

Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Dada wa mazoezi kule kliniki amesema niandike kila siku, hata mstari mmoja, ili mkono wa kulia urudi. Mstari ndio huu. Umenichukua dakika kumi.

Jumanne, 10 Oktoba

Joto. Vumbi. Hakuna wingu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimefundisha Kiswahili hapa Kasikeu miaka thelathini na miwili, na leo mwandiko wangu ni wa mtoto wa darasa la kwanza. Kiharusi kilinipata mwezi wa nane. Mguu unavuta, mkono unatetemeka, ulimi umepona. Mkaza mwanangu anasema afadhali ulimi ungechelewa kupona. Alisema akidhani sisikii.

Jina lake ni Wanjiro, lakini hapa sote tunamwita Mama Ndunge, kwa sababu binti yake alipewa jina la marehemu mke wangu. Ni wa kutoka Murang'a. Mwanangu Mbithi alikutana naye Emali, ambako anafanya kazi ya gereji mpaka leo, na huja nyumbani kila Jumapili ya pili. Kwa hiyo siku nyingi tuko wawili, mimi na huyu mama ambaye Kikamba chake kinanichekesha. Mjukuu hutoka asubuhi kwenda shule. Tunaongea Kiswahili. Changu kimenyooka. Chake kinafika anakotaka.

Jumamosi, 14 Oktoba

Tumepanda mahindi kwenye ardhi kavu, kama kila mwaka, tukingojea mvua. Nasema tumepanda. Amepanda yeye, mimi nilikaa kwenye kiti nikitoa maagizo.

Tumekosana kidogo. Shamba la juu, nyuma ya nyumba, limefunikwa lote kwa mabua ya mahindi ya msimu uliopita. Hiyo ni kazi yangu. Miaka minne iliyopita nilijifunza kwamba mabua yakilala juu ya udongo yanazuia jua, maji hayapotei, na mchwa wanayageuza mbolea. Nikawafundisha wenzangu wa kikundi cha wakulima kanisani, na nyumba sita zinafanya hivyo kwa sababu yangu. Kabla yangu mabua yote yalikuwa ya ng'ombe.

Mama Ndunge amesema, "Baba, naomba hayo mabua niwape ng'ombe."

"Hilo ni blanketi la udongo."

"Lakini yalikuwa na madoa. Nilikuonyesha Julai."

Ni kweli alinionyesha. Alileta jani mkononi, nikamwambia ni jua limelichoma, nikaendelea kusikiliza habari redioni.

"Basi kipande cha chini," akasema. "Nipe hicho nilime nitakavyo."

Nikampa ili anyamaze. Kule chini msimu uliopita palikuwa na kunde. Hapana bua hata moja.

Jumanne, 17 Oktoba

Mwongeli amekuja na mkokoteni wa punda kuchukua mabua yaliyozidi baada ya kutandaza. Ni jirani yetu ng'ambo ya korongo, mjane, na alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la saba. Sasa ana mvi kuliko mimi. Amejaza mkokoteni mara tatu.

"Mwalimu, Mungu akuongezee," amesema. "Shamba langu limebaki kama sahani, udongo wote umeenda na maji. Hii itanisaidia."

Nilijisikia vizuri siku nzima.

Jumatano, 18 Oktoba

Hakuna wingu.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mvua! Imeanza saa tisa mchana, matone makubwa ya kuchimba vumbi, kisha ikashuka yote. Mama Ndunge amesimama mlangoni akicheka peke yake.

Jumanne, 31 Oktoba

Mvua. Redioni wanasema ni El Niño.

Ijumaa, 3 Novemba

Mahindi yameota. Yanachungulia kati ya mabua kama watoto chini ya viti. Nimeitazama mistari yake kwa furaha mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 8 Novemba

Mvua. Choo cha jirani kimebomoka. Hakuna aliyeumia.

Jumatatu, 13 Novemba

Mvua. Nguo hazikauki. Mkono una nafuu, leo nimefunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote isipokuwa cha kola. Mama Ndunge ameona, akaweka kipande cha pili cha kiazi kwenye sahani yangu.

Jumamosi, 18 Novemba

Mahindi yamefika gotini. Mama Ndunge amerudi kutoka palizi la shamba la juu na jani mkononi, akaliweka mezani karibu na redio. Alienda kukoroga uji.

Jani lina madoa marefu ya kijivu, yamechongoka pande zote mbili, kama mtumbwi. Doa moja ni refu kuliko kidole changu cha kati. Nimelishika kwenye mwanga. Jua halichomi hivi. Na jua lenyewe hatujaliona wiki tatu.

Jumatatu, 20 Novemba

Mimi ni mwalimu, nikikosa jibu nahesabu. Leo mvua ilipumzika asubuhi nikatoka na mkongojo na kigoda. Katika shamba la juu nilikagua mimea ishirini, nikikaa na kuhamisha kigoda. Kumi na saba ina madoa. Nikashuka kipande cha chini kwa shida. Ishirini tena. Miwili tu ina madoa, na yote miwili iko upande wa juu, upepo unakotokea.

Mbegu ni moja, tulizichota kwenye gunia moja. Mvua ni moja. Mpanzi ni mmoja. Kilichozidi kule juu ni blanketi langu.

Nilipoinama kufunua bua moja niliona kwamba upande wa chini limefanya weusi, kama masizi. Nilipolisugua, masizi yale yalibaki kidoleni.

Jumanne, 21 Novemba

Mama Ndunge alimpigia simu afisa wa kilimo, na leo amefika kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Anaitwa Ndinda, ni msichana mdogo tu, na ana subira kuliko niliyokuwa nayo nikiwa na umri wake.

Amesema ni ukungu. Unaishi kwenye majani na mabua ya mahindi yaliyougua, unalala humo kiangazi chote bila kufa, na mvua ikija unaamka, unatoa vumbi ambalo jicho halioni. Tone la mvua likigonga bua linarusha vumbi hilo kwenye majani ya chini, na upepo unalichukua mbali zaidi. Majani yakilala na maji siku baada ya siku, basi.

"Kwa hiyo matandazo ni mabaya?" nimeuliza.

"Hapana Mwalimu, matandazo ni mazuri sana. Lakini si mabua ya mahindi yaliyougua, halafu upande mahindi tena juu yake. Ungetandaza nyasi, ama maganda ya ndengu, hizi choroko. Ama mabua hayo ungewapea ng'ombe, na pale upande ndengu msimu mmoja ama miwili, mpaka yaliyobaki yaoze. Ukungu huu haupendi ndengu, unapenda mahindi na mtama."

Ameshauri tuondoe mabua yaliyobaki kati ya mistari, ingawa tumechelewa. Mahindi machanga yanayougua namna hii hayatajaza punje. Penye ugonjwa mwingi ni afadhali kung'oa na kupanda ndengu sasa, mvua ingalipo, maana ndengu ni miezi miwili na kidogo.

Alipoondoka, Mama Ndunge alisema polepole, "Na Mwongeli?"

Nilikuwa nimeshamfikiria Mwongeli. Nilikuwa nikitumaini yeye hajamfikiria.

Jumatano, 22 Novemba

Naandika hili mchana, maana nikilala nalo litakuwa zito zaidi.

Tumevuka korongo kwenda kwa Mwongeli. Njia ni utelezi mtupu. Kwa mila yetu mkaza mwana na baba mkwe hupeana nafasi, hawashikani ovyo, na miaka minane yote hajawahi kunigusa hata mkono wa salamu. Leo, kwenye mteremko, mguu wangu uliteleza, naye akanishika kiwiko bila kuuliza, akaendelea kukishika.

Mwongeli alikuwa shambani akipalilia, gambuti miguuni. Shamba lake ni dogo kuliko langu na ndilo analo. Niliona madoa kabla hajanyoosha mgongo.

"Mwongeli," nimesema, "yale mabua niliyokupa yalikuwa na ugonjwa. Ndiyo yanayoharibu mahindi yako. Afisa ametuambia jana."

Alitazama mahindi. Alinitazama mimi. Alisema, "Nilidhani ni mimi nimekosea kitu. Nimekuwa nikiamka nikiangalia hii mahindi nikijiuliza nimekosea wapi."

Nilichomeka mkongojo wangu matopeni.

"Mwalimu, ulijua?"

Nikasema, "Sikujua."

Mkono uliokuwa kwenye kiwiko changu haukutikisika. Mama Ndunge aliangalia matope. Angeweza kusema neno moja tu. Alikuwa na haki ya kulisema tangu Julai. Hakulisema.

Nilimweleza Mwongeli habari ya ndengu. Alisema, "Nimesikia," akarudi kuinama.

Njiani kurudi mkaza mwanangu alisema maneno haya tu: "Weka mguu hapa, Baba. Hapa pana jiwe."

Alhamisi, 23 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 24 Novemba

Mvua. Mama Ndunge ameng'oa nusu ya shamba la juu peke yake, na ng'ombe wamekula mpaka wakakataa. Nilimwita aje tuongee. Akaja, akasimama na mikono yenye udongo. Nikamuuliza kama kuna chumvi ya kutosha. Akasema ipo.

Jumapili, 26 Novemba

Mbithi amekuja. Aliona shamba, akashika kiuno. "Ilikuwaje?" Mkewe akajibu kabla yangu, "Ni ugonjwa, umeingia na mvua." Mwanangu akanipa pole. Nilikula muthokoi bila kuonja. Mahindi hayo na maharagwe amepika yeye, ameyakoboa yeye, na miaka ya kwanza nilikuwa nikisema mbele ya watu kwamba watu wa Murang'a hawajui muthokoi.

Jumatano, 29 Novemba

Nimesikia kwamba Mwongeli hajang'oa. Anaogopa kuondoa mahindi yaliyosimama, na ni nani asingeogopa? Lakini ingekuwaje kama angejua niliambiwa? Pengine anakataa kung'oa kwa sababu anayemwambia ang'oe ndiye aliyemwambia atandaze, na zote mbili nimezisema kwa sauti ileile ya darasani.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimekwenda.

Mama Ndunge alikuwa amepeleka maziwa sokoni. Nilichukua mkongojo, nikavaa viatu, nikashuka korongoni peke yangu. Pale kwenye utelezi nilikaa chini nikashuka kwa makalio, mwalimu mkuu msaidizi mstaafu, na suruali ikajaa matope. Nilichukua karibu saa nzima kufika mahali ninapopaona kutoka dirishani.

Mwongeli alinikuta nimeegemea ua wake nikihema. "Mwalimu! Nani amekuleta?"

"Nimejileta. Mwongeli, nilikudanganya. Niliambiwa. Mama Ndunge alinionyesha jani mwezi wa saba, akaniambia haya mabua yana madoa. Akaniambia tena mwezi wa kumi, siku tatu kabla hujaja na punda. Sikumsikiza. Nikakupakilia mkokoteni mara tatu."

Kuku walipita kati yetu.

"Kwa nini hukumsikiza?"

Nilikuwa nimeandaa jibu njiani, refu, lenye kiharusi ndani yake. Lakini kiharusi kilikuja mwezi wa nane, jani lilikuja wa saba. "Kwa sababu mimi ni mwalimu," nikasema, "na yeye ni mgeni aliyeolewa kwangu."

"Na siku ile alisimama hapo, akasikia ukisema hukujua."

"Alisikia."

"Akanyamaza."

"Alinyamaza kwa ajili yangu."

Mwongeli akatazama upande mwingine. "Mimi nimekasirika," akasema. "Sitakuambia sijakasirika. Wewe ndiye ulinifundisha kusoma. Ukisema kitu mimi sijiulizi mara mbili."

"Sasa ujiulize," nikasema.

Aliingia ndani. Nilidhani ndiyo kwaheri yangu. Akarudi na debe la kukalia na kikopo cha mbegu za ndengu. Alianzia mwanzo wa shamba, akang'oa mmea wa kwanza, akautupa, na wa pili, na mstari wote. Kisha akachimba vishimo kwa jembe, akaliburura debe mpaka kwenye mstari, akanikalisha, akaniwekea kikopo mapajani.

"Mbili mbili," akasema.

Vidole vyangu vya kulia bado havijui kuachia kidogo kidogo. Shimo la kwanza ziliingia mbegu sita.

"Mbili, Mwalimu. Nimesema mbili."

Tulikwenda hivyo, yeye akichimba na kulihamisha debe, mimi nikidondosha. Kufikia mstari wa nne nilikuwa nazidondosha mbili, mara nyingine tatu, naye aliacha kunihesabia.

Hapo ndipo Mama Ndunge alipotokea, anakimbia, leso imefunguka kichwani. Alikuwa amekuta nyumba tupu. Alikuwa ametafuta hadi chooni na kwenye tangi. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, leo nimemsikia. "Baba! Ungeanguka huko korongoni nani angekuona? Nani? Ningemwambia nini Mbithi?" Kisha Kikuyu, mengi, na sikuhitaji mkalimani.

Mwongeli alimngoja amalize. Akasema, "Mama Ndunge, kumbe wewe uliona mapema."

Mkaza mwanangu alinigeukia. Nilimtazama, nikatikisa kichwa kukubali. Alifunga leso yake, akafuta uso kwa kiganja, akaingia kwenye mstari uliofuata akaanza kung'oa mahindi kwa mikono miwili.

Tulirudi jua likiwa bado juu, jua la kweli, la kwanza baada ya siku nyingi. Alinishika kiwiko njia nzima.

Jumamosi, 2 Desemba

Mwili mzima unauma. Nimelala.

Jumapili, 10 Desemba

Baada ya ibada niliomba dakika mbili nikazungumza na kikundi chetu nje ya kanisa. Niliwaambia wakague mabua yao, na yenye madoa wayaondoe. Niliwaambia pia aliyeyaona kwanza ni nani, na aliyekataa kusikia ni nani.

Mzee Mulinge, ambaye hakunipenda hata tukiwa vijana, akasema, "Mwalimu, juzi ulituambia ng'ombe wasile mabua. Leo wale. Kesho utasema tuyale sisi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilipotaka kujibu, Mama Ndunge alikuwa ameshasimama. Akaeleza jinsi tone linavyorusha ukungu, akionyesha kwa vidole, pwa, pwa. Akatafuta neno la Kikamba la bua akalikosea, wakacheka tena, mama mmoja akamrekebisha, akasema asante akaendelea. Hakuna aliyeondoka mpaka alipokaa.

Jumanne, 12 Desemba

Mvua. Ndengu za Mwongeli zimeota. Ameniita niende nione, na amesema mistari yangu inajulikana, ina vichaka.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Mbithi amekuja. Nimemwambia yote mimi mwenyewe, kabla ya nyama. Alimtazama mkewe kama mtu anayesoma barua upya.

Ijumaa, 5 Januari 2024

Sehemu ya shamba la juu tuliyoiacha na mahindi yake imekauka kutoka chini kwenda juu. Magunzi ni membamba kama vidole. Kipande cha chini kimesimama kijani. Tutakula kutoka huko, na ndengu zikikomaa tutakula pia. Haitatosha mpaka mahindi ya mvua ya Machi yakomae. Itafika mbali kuliko nilivyoogopa.

Ijumaa, 19 Januari

Mvua imepungua. Leo nimefunga hata kifungo cha kola.

Jumatano, 7 Februari

Tumevunja mahindi ya kipande cha chini. Mama Ndunge ameyaanika juu ya turubai, anayageuza, anazing'ata punje kusikia kama zimekauka. Mabua ya shamba la juu tumeyakata yote, tumeyasaga, yanaingia kwa ng'ombe. Udongo umebaki uchi na moyo wangu haukuupenda. Yeye aliniona nikiutazama. "Nitaleta nyasi, Baba," akasema. "Tutaufunika. Si nimesema?" Hakuwa amesema. Lakini nilikubali kwamba amesema.

Jumatatu, 12 Februari

Mwongeli amevuna ndengu, si nyingi mno, lakini hatalala njaa. Sehemu aliyochelewa kuing'oa imempa mahindi ya kulisha kuku. Nilimwambia pole tena. Alisema, "Mwalimu, hilo tulimaliza. Niulize kitu kingine." Nikamuuliza habari za magoti yake, akanipa habari za magoti yake kwa muda mrefu sana.

Jumamosi, 17 Februari

Asubuhi, Mzee Mulinge mlangoni, kofia mkononi.

"Karibu, Mzee. Habari ya kwako?"

"Njema. Namtafuta Mama Ndunge."

"Mimi nipo. Keti."

"Nakuona, Mwalimu. Lakini namtafuta Mama Ndunge."

Nikamwonyesha kule chini. Akashuka. Nilivuta kiti changu mpaka ukingoni mwa uwanja nikawatazama. Mzee alikuwa na jani lenye madoa, akalitoa mfukoni mwa koti likiwa limekunjwa vizuri, na mkaza mwanangu akalipokea, akaligeuza, akaliinua kwenye mwanga. Walibishana. Mzee Mulinge alitupa mikono juu. Yeye hakurudi nyuma, alimwelekeza shamba lake liliko kwa kidole, akahesabu misimu, mmoja, miwili, na yule mzee akaanza kuitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi ambaye hesabu imemkubalia.

Mimi nilikuwa na jambo la kuongeza kuhusu mbaazi, kwamba nazo ukungu ule hauzigusi. Nilishafungua kinywa niite. Nikangoja kidogo. Mama Ndunge akalisema mwenyewe, na kwa maneno machache kuliko yangu.